Wenye Mbwa Huondoka

Mtaa wetu nyumba kumi na tisa, njia ya kuingilia moja,
nami ndiye kufuli yake.
Ncha ya Masaki, lami inapokatikia;
ukizidi hapo ni miamba, kisha maji,
na maji ya kuoga huja kwa boza, lita elfu kumi,
yakipita kando ya bahari kama jirani aliyenuniwa.

Watu nawajua kwa saa wanazowasha jenereta.
Namba saba hugombana kwa Kifaransa,
hupatana kwa harufu ya vitunguu.
Namba mbili, Mama Rugaimukamu,
ana watumishi watatu, na alfajiri hufagia mwenyewe
kipande cha barabara ya serikali mbele ya geti.
Nilimuuliza siku moja. Akasema,
"Baba alikuwa mfagizi wa manispaa, Marwa.
Kiuno hiki kisijisahau."
Wale watatu husimama wakimtazama, mikono nyuma.

Lakini ukiuliza mtaa huu ni wa nani,
hati zote weka pembeni: ni wa Kondo.

Kondo wa Msasani kijijini, ng'ambo ya ukuta wenye vipande vya chupa,
huja saa kumi na moja jioni, akakusanya kamba tano mkononi,
mbwa watano wenye pasipoti na yeye asiye nayo.
Anawasemesha Kizaramo. Wanaelewa.
Balozi mmoja alidhani jibwa lake limekuwa kiziwi,
kumbe limebadili lugha.

Kijijini walimcheka: swala tano na mbwa watano!
Hakubishana. Aliniletea kopo la maziwa ya unga
amelijaza udongo, akaliweka nyuma ya kibanda changu.
Akimaliza mzunguko hukunja mikono ya shati,
mara moja kwa udongo, sita kwa maji,
anahesabu kwa sauti ya chini kama karani wa benki,
ndipo aende msikitini, kanzu imekunjwa kwenye mfuko wa rambo.

Watu wa hapa hawafi, huhamishwa.
Kila mwezi wa sita magodoro hutoka nje,
majiko, vitanda vya watoto waliokwisha kurefuka,
na Kondo hununua kwa bei ya kuagana.
Kwake kuna viatu vya kutelezea kwenye theluji.
Amevipanda vitunguu vya majani.

Namba kumi na nne waliondoka hivyo.
Wakamwachia Kaiza, ujira wa miezi miwili,
na neno: karatasi zake zikikamilika tutamtumia tiketi.
Miezi miwili. Ikawa mitano.
Nyumba ikabomolewa kwa siku tatu, mkwaju na yote,
yakazungushwa mabati ya bluu yaliyochorwa ghorofa kumi na mbili
na wanawake wanaocheka kwenye bwawa
ambalo hadi leo ni shimo.

Kaiza akifika pale huketi.
Halii, habweki. Anaketi tu mbele ya bati,
pale pale kilipokuwa kitufe cha kengele.
Wale wanne humngoja, na Kondo humngoja,
na gari la mhandisi hupiga honi, halafu nalo hungoja.

Juzi nilimwambia: mpeleke kwa daktari wa mifugo, wanazo sindano.
Mimi Mkurya, najua kinachompata mbwa asiye na boma.
Kondo hakunijibu. Alichota udongo, akafungua bomba,
akaanza kuhesabu.
Kaiza akaja akaegemea goti lake, mdomo umelowa,
akamlamba kiganja kati ya sita na saba.

Akautazama ule mkono.
Akafunga bomba.
Mmoja wa wale wanne akapiga miayo.
Kisha Kondo akachota tena udongo, taratibu, akaanza upya: moja,
na adhana ya magharibi ilikwisha zamani.